Karatasi ya Wapigaji Watano

Sogeeni karibu. Nina kesi iliyonishinda kuamua, labda nyinyi mtaiweza.

Katika Chuo cha Ualimu cha Lugema, kule kwenye baridi ya Njombe, timu ya mpira ilikuwa na makocha wasaidizi watatu. Lutengano alikuwa na jicho la kuona kipaji. Alikuwa msaidizi kwa miaka kumi na mmoja. Makocha wakuu wanne walikuja wakaondoka, yeye akabaki palepale. Sekela alijua kumtengeneza kipa. Aliwahi kudakia timu ya wanawake ya mkoa mpaka goti lilipomwachisha, na kufikia sasa alikuwa amefundisha Lugema miaka miwili tu. Ponsiano alijua kuwasoma wapinzani. Alikuwa ametokea Chuo cha Itunda, mahasimu wa Lugema. Huko alisaidia miaka sita, na nafasi ya ukocha mkuu ilipotokea akapewa mtu wa nje. Akahama kwa hasira.

Mwaka huo Lugema na Itunda wakakutana kwenye fainali ya vyuo.

Itunda walicheza kama watu waliohudhuria kikao cha mbinu cha Lugema. Kila pasi ya Lugema ilimkuta mtu wao amekwisha simama. Dakika ya ishirini wakafunga kwa kupitia upande wa beki aliyekuwa akiuguza paja, na habari za paja hilo walizijua makocha peke yao.

Zikiwa zimebaki dakika tano aliingizwa Zabroni. Huyu Lutengano alimkuta akicheza peku nyuma ya bweni, akambembeleza miezi mitatu aje mazoezini. Zabroni akasawazisha.

Ikaja mikwaju ya penalti. Kipa wa Lugema hakuwahi kudaka penalti hata moja kabla Sekela hajamfundisha kutulia na kuruka kwa wakati wake. Siku hiyo alidaka mbili, na kombe likaenda Lugema.

Lakini alijuaje upande wa kurukia? Asubuhi ile Ponsiano alikuwa amempa Sekela karatasi yenye majina ya wapigaji watano wa Itunda, na kona anayoipenda kila mmoja. Zote tano zilikuwa sahihi.

Wiki mbili baadaye kocha mkuu akaacha kazi kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Mkuu wa chuo, Bi Mhema, akawaita wasaidizi wale mmoja mmoja ili achague wa kumrithi.

Lutengano alimweleza kwamba siku moja kabla ya fainali alimwona Ponsiano kwenye mgahawa wa stendi, akinywa chai na kocha wa Itunda.

Bi Mhema akamuuliza, "Kama uliona timu inauzwa, mwalimu, mbona ulinyamaza mpaka nafasi ilipotokea?"

Lutengano alisema hakuwa na ushahidi. Hakuinua macho.

Ponsiano hakuikana chai. Alisema kocha yule alimwita kumwomba arudi Itunda, naye akakataa. Kuhusu wapigaji, alisema aliwajua kwa kuwa aliwafundisha mwenyewe.

Sekela ndiye aliyemvuruga Bi Mhema kabisa. Alisema wawili kati ya wale watano ni wa mwaka wa kwanza, walioingia Itunda Ponsiano akiwa ameshahama.

"Hilo ulilijua lini?"

"Asubuhi ileile, Mkuu. Niliisoma karatasi nikashtuka. Kisha nikaenda kumkaririsha kipa."

Ponsiano aliitwa tena. Akasema hao wawili aliwatazama kwenye nusu fainali yao, akiwa amekaa katikati ya mashabiki wa Itunda. Hakupatikana mtu aliyemwona huko. Hakupatikana pia aliyeweza kuapa kwamba hakuwepo.

Barua ya uteuzi imechapwa, pengo la jina bado wazi. Wale watatu wanaendelea kufundisha pamoja uwanjani, kila mmoja akifunga daftari lake mwenzake anaposogea.

Sasa nawageukia nyinyi. Bila Zabroni wa Lutengano, penalti zisingefikiwa. Bila mafunzo ya Sekela, kipa asingedaka. Bila karatasi ya Ponsiano, angeruka kwa kubahatisha. Pengo lile mngelijaza kwa jina la nani? Na huyo mtakayemtaja, mko tayari kesho asubuhi kumkabidhi siri zote za timu?