Tofauti ya Ndani na ya Nje

Hapo zamani, zamani zile ambazo masultani walikuwa na vilemba na umeme wakawa nao pia, na anayetaka kubisha abishe kivyake, palikuwa na Sultani Mdahoma, mwenye kila kitu isipokuwa kazi ya kufanya. Basi kwa kukosa kazi akapenda muziki. Akanunua mtambo: amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, na spika mbili ndefu kama askari wa lango. Nyimbo zake zote zikawa zimewekwa humo kwa tarakimu, sifuri na moja, sifuri na moja. Na kwa kuwa sikio la mwanadamu halisikii tarakimu, hata likiwa sikio la Sultani, mtambo wa namna hiyo hauna budi kuwa na kigeuzi, yaani kidude cha kuzigeuza tarakimu ziwe sauti.

Fitina ikaanzia hapo. Amplifaya ya Sultani ilikuwa na kigeuzi chake tumboni. Waziri Haidari, ambaye hajawahi kuona kitu kikamtosha, akanena, "Maulana, kigeuzi cha ndani kimesongwa na umeme, kama mke mwenza aliyewekwa chumba kimoja na mwenziwe. Kitaimbaje? Agiza cha nje, kikae raha mustarehe kwenye kisanduku chake." Kisanduku kikaja, kimepakwa rangi ya dhahabu. Kadhi Msellemu, ambaye ibada yake ya sita ilikuwa kumpinga Waziri, akanena, "La hasha! Kila waya unaouongeza ni mlango mwingine wa kuingilia kelele. Cha ndani chatosha."

Ikawa kila siku Sultani huketi baina yao, hufumba macho, kikapigwa cha ndani, kikapigwa cha nje.

"Wallahi," husema Waziri, "kwa hiki cha nje nasikia hata mpiga udi akimeza mate!"

"Na mimi kwa cha ndani," hujibu Kadhi, "nasikia akinuia kuyameza."

Sultani, masikini ya Mungu, hasikii ila wimbo uleule. Lakini Sultani ataungamaje kuwa masikio yake ni kama ya watu? Akaona kosa si lake, kosa ni la mji. Akapiga mbiu: kinu kisitwangwe, jogoo wafungwe midomo, ngoma na vigelegele marufuku, mpaka Sultani asikie tofauti ya ndani na ya nje.

Basi katika mji huo alikuwako mjane, Mwatima, hana mbele wala nyuma. Paa lake lilitoboka hata mwezi ukawa waingia bila hodi, ila ulimi Mungu alimpa wa kutosha nyumba saba. Binti yake Mize alikuwa aolewe Ijumaa ile. Na arusi isiyo na ngoma wala vigelegele ni nini kama si matanga yenye pilau? Mama wa bwana arusi akaanza kunong'ona kwa majirani, "Mwanangu haoi kimyakimya kama aliyeiba. Mji wa pili wako wasichana, na ngoma wanapiga." Maneno yakamfika Mwatima kabla mwenyewe hajamaliza kuyasema, maana mji ukinyamaza, umbea ndio husikika vizuri. Mize akalia ameuma kanga. Mwatima akajifunga kibwebwe, huyoo mpaka kwa Sultani.

"Nashika miguu, Maulana. Nimekuja kukusikizisha hiyo tofauti."

Waziri akacheka kwa pua. "Bibi, wewe wajua hata kigeuzi huchomekwa wapi?"

"Sijui, baba. Mimi ninachojua kugeuza ni chapati."

Sultani akanena, "Ewe Mwatima, ukinifanya nisikie tofauti ya ndani na ya nje, mbiu naiondoa. Ukishindwa, Mize wako hataolewa maadamu mimi ni hai."

Mwatima uso hakuukunja. "Kadhi na ashuhudie maneno hayo, Maulana, lisizidi neno wala lisipungue." Kadhi akashuhudia.

Adhuhuri, jua la utosi, Mwatima akamketisha Sultani chumba cha mtambo. Akafunga madirisha yote, "sauti isitoroke." Akamfunika blanketi la sufi, "sauti imkumbatie." Akaweka majiko matatu ya makaa, na kwa hayo hakutoa sababu yoyote. Waziri na Kadhi wakaketi pembeni, jasho likiwatiririka hata ndevuni.

"Mabwana wakubwa, mwasikia?" akauliza Mwatima.

"Besi hiyo!" akasema Waziri. "Tamu kama asali!"

"Udi huo!" akasema Kadhi. "Kila uzi peke yake!"

"Na Maulana wasikia nini?"

"Nasikia joto!" akapiga kelele Sultani. "Nasikia kiu! Nasikia kizunguzungu, ewe mwanamke!"

Basi Mwatima akamshika mkono, akamtoa uani penye kivuli, upepo ukivuma, akammwagia mtungi mzima wa maji ya kisima.

"Na sasa, Maulana, wasikia nini?"

Sultani akatweta. "Nasikia baridi... Alhamdulillahi, nasikia raha!"

"Hongera, Maulana. Hiyo ndiyo tofauti ya ndani na ya nje. Umeisikia kwa nafsi yako."

"Hila!" akafoka Waziri. "Maulana alikusudia vigeuzi!"

"Hakuvitaja," akadakia Kadhi upesi, maana kuafikiana na Waziri kungemletea homa. "Alisema ya ndani na ya nje. Mimi ni shahidi."

Sultani akajifuta uso, akawageukia. "Nanyi mlisikia besi na udi. Ulikuwa wimbo gani?"

"Wa arusi," akasema Waziri.

"Kaswida," akasema Kadhi.

"Mtambo sikuuwasha," akasema Mwatima. "Hakuna aliyeniamuru kuuwasha."

Sultani akacheka, akacheka hata kilemba kikamwangukia mapajani, kwa kuwa ilikuwa raha kubwa kujua kwamba katika jumba lile zima ni yeye peke yake asiyekuwa kiziwi. Mbiu ikaondolewa papo hapo. "Na sasa omba zawadi, Mwatima."

"Maulana, niazime mabwana hawa siku ya arusi. Wenye masikio makali hivi wataniambia nani ananisengenya."

Ijumaa ngoma zikapigwa, vigelegele vikapasua mawingu, Mize akaolewa. Kadhi akawekwa ndani, Waziri nje, kila mmoja ametega sikio. Jioni wakaleta habari, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, ya ndani na ya nje ikawa moja: mama wa bwana arusi amesema pilau halina nyama.

Hekaya imekomea hapo. Aliyecheka amecheka, na mwenye kisanduku chake cha dhahabu nyumbani asinune.