Mzee Kiboko na Nyigu wa Uongo

Wanangu, fumbeni macho kidogo. Mnaliona shamba la kunde? Majani yamejikunja. Vidukari weusi, wadogo kama punje za ufuta, wamejazana wakifyonza utomvu. Na juu yao mdudu mwenye mistari ya njano na nyeusi anaelea mahali pamoja: ziii!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakilima, shamba hilo lilikuwa la Mzee Kiboko na mkewe, Bi Mashavu. Kunde zikifa, hawana mboga.

Asubuhi moja Mzee Kiboko alifika na ndoo ya maji ya pilipili.

"Leo hapa hasalimiki mtu! Vidukari, wageni, wote nawamwagia!"

Yule mdudu, jina lake Mistari, akashtuka. Watoto wake walikuwa kwenye majani yale yale, nao hawana mabawa wala miguu. Watakimbiaje? Akaruka mpaka mbele ya pua ya mzee.

"Ziii! Shikamoo, mzee! Unanijua mimi?"

"Marahaba. We nani?"

"Nyigu! Sogea hatua moja tu, nikudunge pua ivimbe kama boga!"

"Mama yangu!" Mzee Kiboko akatimua mbio, puku! puku! puku! na ndoo yake, akajificha nyuma ya mkewe aliyekuwa akimfuata.

Bi Mashavu hakukimbia. Alisogea polepole, akakodoa macho.

"Mume wangu, nyigu ana mabawa manne. Huyu anayo mangapi? Moja... mawili... yamekwisha!"

"Hesabu tena!" alisema mzee nyuma yake.

"Na kiuno je? Nyigu kiuno chake chembamba kama uzi. Huyu amejaa juu mpaka chini, kama wewe. Huyu ni nzi!"

"Nzi? Mimi nimekimbizwa na nzi?" Mzee akarudi kwenye kunde, akanyanyua ndoo juu.

"Ngoja, mzee!" Mistari akalia. "Nimekudanganya, sina mwiba. Lakini watoto wangu wako kwenye jani hilo. Watazame kwanza, ndipo umwage."

Mzee akainama, akinung'unika. Funza mdogo wa kijani alinyoosha shingo. Kwap! Akamkamata kidukari, akamfyonza, fyooo! akatupa ganda. Kwap! Wa pili. Kwap! Wa tatu.

"Lo! Kumbe hawa ni vibarua wangu!"

"Tena hawajaomba hata uji," alisema Bi Mashavu.

Mzee Kiboko akaishusha ndoo kwa aibu. Maji yakamrukia puani.

"Apchaaa!"

Vidukari kumi wakapeperuka kwa chafya hiyo.

"Endelea, mzee," alisema Mistari, "hapo unatusaidia kweli!"

Mdudu usiyemjua usimhukumu kwa mavazi yake.

Nanyi, wanangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: mkikuta nzi mgeni shambani, ulizeni kwanza watoto wake wanakula nini.