Kwa Nini Kila Bonde Huvuta Maneno Kivyake

Leo asubuhi, tukipukuchua mahindi ya sikukuu ya mavuno hapa uani mwa kanisa, bibi arusi wetu mpya, Nanzia, alitusalimu, nanyi mkaangua kicheko kwa jinsi anavyovuta maneno ya kwao. Sikuwakemea, maana nami midomo ilinicheza, Bwana anisamehe. Sasa mikono yenu iendelee na mahindi, masikio nipeni mimi. Nitawaeleza jambo hili lilivyoanza, kama nilivyolipokea kwa bibi yangu. Habari za mnara wa Babeli nazijua na sishindani na Maandiko. Babeli walipewa lugha mbalimbali. Hii yetu ni ndogo zaidi, ya watu wa lugha moja wanaovuta maneno kila mtu kivyake.

Zamani hizo milima hii yote ilikuwa na sauti moja. Wafua chuma wa Ngasi, watu wa Mporomoko wanaokaa kando ya maji yaangukayo, na sisi wa Songoa, tulitamka kila neno sawasawa, limenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Na haikuwa kwa bahati. Mababu walikuwa wamepigana vita vibaya, na walipopatana waliapa kuwa na kinywa kimoja. Tangu hapo kila mtoto aliyeanza kusema, na kila mwali aliyeolewa, alipelekwa kwa mzee wa wito kunyooshwa kinywa. Alinyweshwa maji ya kibuyu cha amani, kisha akarudia maneno ya wito mpaka mzee asisikie kilima wala bonde ndani yake. Aliyepinda sauti aliambiwa anaita vita, na alinyweshwa upya mbele ya watu. Ilikuwa aibu.

Wito wenyewe ulikuwa wa ukungu. Mnaujua ukungu wa huku, unavyopanda alasiri ukameza njia hata mtu asione miguu yake. Basi kila kijiji kilikuwa na mahali pa juu, na mzee mmoja alisimama pale akaita walioko mashambani: "Njooni, kwetu ni huku." Watu waliifuata sauti wakafika. Mwingine alijikuta amefika kijiji cha jirani, kwa kuwa sauti zilikuwa zilezile, akalala huko, asubuhi akarudi akichekwa. Hilo halikuwa neno.

Neno lilikuwa Mwangwi. Huyu aliishi kwenye genge lile la ng'ambo, lile jabali lenye shimo refu chini yake, na aliumbwa bila sauti yake mwenyewe. Wapo wanaosema alikuwa zimwi mla watu. Mimi naona alikuwa mpweke tu, akitamani wageni. Lakini mgeni wa gengeni haendi na kurudi. Watu walikuwa na sauti moja, kwa hiyo Mwangwi alikuwa na somo moja tu la kujifunza, na alilijua lote tangu mwanzo hata mwisho. Mzee akiita kutoka huku, Mwangwi alijibu kutoka kule, "Njooni, kwetu ni huku," wala hukuweza kumtambua yupi ni yupi. Kila msimu wa ukungu milima ilipoteza watu. Wazee wakaamua waite kwa nguvu zaidi. Mwangwi naye akaita kwa nguvu zaidi.

Sasa, hapa Songoa alikuwako mama mmoja mkali aliyeitwa Namkunda. Mwanawe Kiangi alikuwa ameoa binti wa Mporomoko, jina lake Nakiete, na walikuwa na mtoto anayenyonya. Asubuhi moja Nakiete aliunguza uji. Namkunda akaonja, akatema.

"Kwenu mnakunywa moshi?" akamwuliza.

"Mama, mtoto alikuwa analia."

"Basi mwache kwangu, nenda shamba la ng'ambo ukachume maharage. Huko hakuna uji wa kukusumbua."

Nakiete alichukua kikapu akaenda. Shamba la ng'ambo lilikuwa karibu na genge, na Namkunda alilijua hilo.

Mchana kutwa mtoto alilia akikataa maziwa ya mbuzi. Alasiri ukungu ukapanda. Walioko mashambani walirudi kwa kubahatisha, akina mama na majembe yao, na Kiangi mwenyewe akafika amechubuka magoti. Nakiete hakuwamo. Kiangi alitaka kurudi kumtafuta, wakamshika, maana wangepoteza wawili.

Senkoro, mzee wa wito, alipanda mahali pa juu akaita. Mwangwi akaitika kutoka gengeni, sauti ileile, imenyooka vilevile. Kule ndani ya ukungu Nakiete alisikia anaitwa upande huu na upande ule. Akachagua mmoja, akaenda. Jiwe likateleza mbele ya mguu wake, akasubiri kulisikia likifika chini, asilisikie. Akaketi palepale, ameshika majani kwa mikono miwili. Aliogopa kwenda mbele, na nyuma alikuwa hapajui tena.

Senkoro aliita mpaka koo likakauka. Ndipo Namkunda akapanda na mtoto mgongoni, akasema, "Pumzika, baba. Nitaita mimi."

Aliita kama alivyonyooshwa tangu utotoni. Mtoto akapiga kelele. Akakatiza wito ambembeleze, akimrusha juu kidogo na kumshusha, kama mnavyofanya ninyi, akaita tena huku akibembea. Sauti ikapanda na mtoto, ikashuka na mtoto.

"Mama Kiangi," akasema Senkoro, "nyoosha kinywa. Unaita au unatwanga?"

"Nina mtoto mgongoni, baba."

"Mshushe, basi. Unataka vita virudi?"

Namkunda akamkaza mtoto mgongoni. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemtegemea alitamke, yeye aliyekuwa hajawahi kumwomba mtu radhi. "Maharage yale hayajaiva, baba. Nilijua hayajaiva. Nilimtuma kwa hasira tu. Sauti iliyonyooka Mwangwi anayo, na nikiita nayo tena nitakuwa nimemsukuma kwa mkono wangu. Mninyweshe kibuyu chote kesho."

Akambembeleza mtoto kwa nguvu, akaita. Hata maneno ya wito aliyaacha. Alisema, "Nakiete, mwanangu, njoo, uji nimepika mwingine." Kila neno lilipanda likashuka kama mtoto mgongoni.

Mwangwi alifungua kinywa kujibu, akakwama. Wimbo huu hakuwa ameusikia kamwe. Mwanzo ulimpita, katikati pakamponyoka, akadaka mkia tu. Kutoka gengeni kikasikika kipande: "...mwingine... ngine..."

Nakiete aliinua kichwa. Upande mmoja kulikuwa na kigutu cha neno. Upande wa pili kulikuwa na sauti inayobembea, na yeye alikuwa mama, hakuhitaji kuambiwa ni nini kinachobembea hivyo. Akauelekea upande huo. Aliposhindwa kusimama alitambaa. Namkunda hakuacha kuita, hata Kiangi alipoanza kulia.

Ukungu ukatoa kwanza kikapu, kisha mikono, kisha mtu mzima mwenye matope mpaka kwenye nywele. Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu walishusha pumzi tu, wote pamoja, kama mtu anayetua mzigo. Mtoto alipewa mama yake akanyamaza.

Nakiete alinyonyesha hapo chini, akapata nguvu, akasema, "Mama, na ule uji?"

Namkunda akatazama pembeni. "Sijaupika bado. Nilikuwa naita tu."

"Kumbe."

"Nawasha moto sasa hivi. Nisamehe, mwanangu. Nisamehe uji na nisamehe maharage."

Nakiete akacheka, na ndipo watu wote wakajua amepona kweli.

Kesho yake Senkoro alileta kibuyu mbele ya watu. Wengi walidhani Namkunda atanyweshwa. Senkoro akayamwaga maji yale kwenye shina la mgomba, akasema amani iliyopoteza watoto haina tena faida, na kwamba jana aliona mtu amepinda sauti wala hakuna aliyeshika mkuki. Watu wa Songoa wakaanza kuita kwa kubembea. Habari zikafika Ngasi, nao wakaita kwa pumzi fupifupi za mivukuto yao ya kuchochea moto, kwa kuwa ndizo zilizokuwa mikononi mwao. Wa Mporomoko wakapanua vinywa, wakavuta maneno marefu yapite juu ya kelele za maji. Kilichoanza kwenye wito kikashuka mpaka kwenye salamu na kwenye mazungumzo ya jikoni. Kila bonde likawa na mwendo wake wa maneno, na sokoni wakaendelea kuelewana na kupunguziana bei kama kawaida.

Naye Mwangwi, kuanzia jioni ile, ana nyimbo nyingi za kujifunza kuliko anavyoweza. Nendeni gengeni mkaite leo. Atawarudishia mkia wa neno tu, na hakuna anayemfuata.

Ndiyo maana mpaka sasa mtoto akirudi nyumbani toka mbali, akabisha hodi, mama yake huanza kupakua chakula kabla hajamwona uso. Amekwisha kumsikia.

Nanzia, mwanangu, wewe ni wa Mporomoko kama yule Nakiete, na hapa hatunyooshi mtu kinywa. Sogea karibu na kikapu hiki. Hebu tusalimie tena, uvute vilevile kama kwenu.