Jina la Aliyeuleta Uso

Hapo zamani, tena zamani ya juzi tu, mvua za masika ziliikata reli, na treni ya bara ikakwama porini siku mbili. Ndani alikuwamo Nyamizi, mjamzito wa miezi minane, akienda kwao Unyamwezini kumwangukia baba yake. Miaka mitano hawakuonana, kwa sababu aliolewa na mwanamume ambaye mzee alimkataa. Sasa mzee alikuwa hoi kitandani.

Asubuhi ya siku ya pili alipigiwa simu na Shija, binamu yake aliyekuwa akimuuguza mzee.

"Dada, sidhani kama ataiona jioni."

"Mpe simu niseme naye!"

"Umesahau? Masikio yake yamekufa, hasikii hata radi. Anataka kukuona."

Kumwona! Nyamizi alikuwa na kitochi, simu ya kupigia tu. Alilia mbele za watu bila kujificha.

Bi Mwamvua, mjane aliyeketi mkabala naye, akamnyoshea simu yake ya video. "Shika, mwanangu. Ila haina bando."

Pembeni alikuwapo Ngasa, aliyemaliza chuo miaka minne nyuma na hajaajiriwa. Alikuwa na bando, lakini saa nne kamili alitakiwa kufanya mtihani wa kazi mtandaoni, na kamera ya simu yake ilikuwa mbovu. Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa nne, na bando halikutosha mambo mawili. Alimtazama Nyamizi, akalitazama lile tumbo.

"Nakuwashia hotspoti," akasema. "Likiisha, liishe."

Ndani ya behewa intaneti haikushika. Wakatoka wote watatu mvuani, wakapanda juu ya tuta la reli. Na kule kijijini nako intaneti ilipatikana kilimani tu. Mganga wa zahanati alikuwa ameonya: mzee asitikiswe. Shija alimwandikia mzee hayo yote kwa mkaa ukutani, mzee akasoma, akanyosha mikono abebwe. Shija akamweka mgongoni, akapanda naye, simu yake ya video mfukoni.

Uso wa mzee ukatokea, umekonda hadi Nyamizi akautilia shaka. Akapiga magoti topeni. Kisha akaielekeza simu kwenye tumbo lake. Mzee akatazama kitambo kirefu.

"Nimekuona, mama. Yamekwisha. Huyo mtoto mpe jina la yule aliyenifikishia uso wako."

Picha ikaganda. Bando lilikuwa limekwisha. Kabla hawajarudi behewani, kitochi kikalia: mzee alikata roho wakiteremka kilima, akiwa mgongoni kwa Shija.

Simu ya Bi Mwamvua iliingia maji, haikuwaka tena. Mtihani wa Ngasa ulifanyika bila yeye. Nyamizi alifika akakuta kaburi, na wiki ya pili akajifungua.

Siku ya arobaini ya msiba Bi Mwamvua na Ngasa walikuja. Mtoto alikuwa bado hana jina. Shangazi Milembe, dada wa marehemu, akataka neno la mzee litimizwe.

Bi Mwamvua akasema, "Katika simu ile zilikuwamo picha za marehemu mume wangu, wala sina nyingine. Siku hizi nikifumba macho, sura yake hainijii vizuri. Uso wa mzee wenu ulipita pale ulipofia uso wa mume wangu."

Ngasa akasema, "Simu bila intaneti ni kioo cheusi. Mwaka huu nimefikisha umri ambao kazi ile haichukui tena. Nilikuwa na mlango mmoja tu."

Shija naye akataka kusema. Shangazi akamkaripia, "Wewe nyamaza! Ungemwacha alale, Nyamizi angemkuta hai. Ulimuua kaka yangu!"

"Huenda nilimuua, shangazi," Shija akajibu. "Kila nikilala nauhisi uzito wake mgongoni. Lakini nisingepanda, wangemwonesha nani uso huo?"

Nyamizi akawatazama mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemtazama alimwona amebaki na pengo.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: mtoto yupo, na jina ni moja. Je, ni nani aliyemfikishia mzee uso wa mwanawe? Mngekuwa nyinyi, mngemwitaje?