Beberu wa Goti la Mzee Ngonyani

Hapo zamani, si zamani sana maana umeme ulikuwepo siku ulipojisikia, aliishi Songea Mzee Ngonyani, mcheza lizombe, ngoma ya Wangoni. Goti lake likajaa maji, likawa kama boga. Na Jumamosi binti yake anaolewa. Baba asipoingia uwanjani, wakwe watasema nini? Akatangaza mbele ya watu: "Atakayeyatoa maji haya, beberu wangu ni wake, mzima, na kamba yake."

Hospitalini, Tabibu Haule akachoma kwa kukisia. Sindano ikatoka kavu. Mzee akafika mlangoni kabla ya goti lake.

Wakamrudisha. Daktari Sekela akaleta mashine ya ultrasaundi, ile ya kuchungulia watoto tumboni, akaipitisha juu ya goti.

"Wa kiume au wa kike?" akauliza Mzee.

"Maji, baba. Yamejificha hapa juu, pembeni. Haule, pita hapa."

Haule akainua sindano, Mzee akakunja mguu. Wakaunyoosha, akaukunja. Wakaunyoosha, akaukunja.

Ndipo akaingia Kalinga, Mhehe, mtani wake, wala hakuitwa. Akajitupa sakafuni, akaangua kilio cha msibani. "Mngoni wetu ameuawa na goti. Haya, viatu nachukua mimi. Redio mimi. Mjane tutamuuliza mwenyewe."

Mzee akasahau hospitali. "Babu yako alikimbia vita akaacha hata viatu, ndiyo maana unavitolea macho vyangu." Akamshukia ukoo mzima, shangazi kwa shangazi. Alipotua kupumua, Haule alikuwa anajaza bomba la pili, maji ya manjano, na goti limenywea.

Jumamosi alicheza mpaka wakwe wakaomba wapumzike. Jumapili, watatu hao zizini.

"Sindano ilikuwa mkononi mwangu," akasema Haule. "Picha haitoi maji."

"Ulipochoma bila picha ulitoa nini, kaka? Mayowe," akasema Sekela.

Kalinga akacheka. "Mashine mlikuwa nayo, sindano mlikuwa nayo, mguu hamkuwa nao. Mguu niliushika mimi, kwa mdomo."

Mzee Ngonyani kashika kamba. Akimpa Mhehe, atachekwa mpaka kaburini. Akimnyima, na kweli anaijua, ataitwa mwongo mpaka huko huko. Na beberu ameshaanza kuitafuna kamba.

Haya, ninyi mnaocheka: Haule, Sekela au Kalinga? Je, nani alistahili beberu?