Mitungi Arobaini ya Bibi Tembo

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa moto, na sisi tuuzunguke. Sogeeni, sogeeni, lakini aliye mbichi asiukaribie sana. Mtajua kwa nini.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wakipatana bei katika soko moja, kando ya mto Sanza aliishi mfinyanzi aliyeitwa Semeni. Alikuwa na mkono, Semeni. Mtu akija kutaka mtungi, hakuonyeshwa mtungi, aliulizwa kwanza. Atakayeubeba ni nani? Kisimani ni mbali? Mlango wa nyumba yako una upana gani? Ndege akitaka cha kuogea alipata kisahani. Ngiri akitaka cha kuhifadhia mizizi alipata chungu kipana kama kiuno chake, na kiuno cha ngiri si mchezo.

Mitungi aliifinyanga mitano mitano. Aliianika kivulini siku saba, kisha aliugonga kila mmoja kwa kifundo cha kidole akatega sikio. Mtungi uliokauka hulia. Mtungi wenye maji ndani ya udongo wake hunyamaza, na mtungi unaonyamaza haupelekwi motoni.

Basi siku moja akaja Mbega. Mbega mnamjua: yule kima mwenye joho jeusi na shuka jeupe mabegani, anayekaa juu kabisa ya mti ili waliopo chini wadhani amesoma. Kazi yake ilikuwa kushauri. Hakuwahi kufanya biashara yoyote maishani mwake, kwa hiyo hakuna biashara iliyokuwa imewahi kumshinda.

"Dada Semeni," akasema, akikunja mkia vizuri usiguse vumbi, "mbona unakaa chini?"

"Udongo uko chini."

"Hapo ndipo unapokosea! Nani atamheshimu mwenye duka anayekaa chini? Jenga baraza. Weka nguzo sita. Keti juu ya kigoda. Na mteja akija, acha kumsumbua kwa maswali. Akiuliza kama ipo, sema: ipo. Akiuliza lini, sema: kesho. Akiuliza mingapi, sema: utakayo. Ipo, kesho, utakayo! Hiyo ndiyo biashara."

Wifi yake Semeni, Mpaji, aliyekuwa akikanda udongo kwa miguu, akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, bwana joho. Na mitungi nani ataifinyanga, nguzo?"

Lakini neno lile lilikuwa limekwisha kuingia. Semeni alijitazama magoti yake yaliyojaa tope, akamtazama Mbega alivyo msafi, akaona haya. Akajenga baraza. Kuni zake za mwaka mzima, magogo makavu ya kuchomea, akazifanya nguzo na paa. Udongo wake mzuri, uliolala shimoni misimu miwili ukilainika, akausiriba ukutani mpaka baraza likang'aa kama yai. Likapendeza. Watu wakaja kulitazama. Wakasema, "Mashallah." Wakarudi kwao. Hakuna aliyenunua mtungi, maana mitungi haikuwapo.

Kisha mvua ikakataa. Ikakataa msimu wa kwanza, ikakataa wa pili, ikakataa wa tatu. Mto Sanza ukawa barabara ya mchanga.

Asubuhi moja vumbi likasimama mashariki. Kuku wakanyamaza. Mbuzi wakanyamaza. Hata watoto waliokuwa wakililia maji wakanyamaza. Na Bibi Tembo akatokea, mkuu wa ukoo wake, masikio yamechanika kama mikeka ya kale, pembe moja imegusa ardhi. Alitembea bila kishindo. Hicho ndicho kilichomtia Semeni baridi mwilini: kitu kikubwa kiasi kile, na jani kavu lisivunjike chini yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kununua."

Semeni akashuka kwenye kigoda. Mbega, juu ya paa, akamfanyia ishara arudi. Akarudi.

"Maji hayajafa," akasema Bibi Tembo. "Yamelala chini ya mchanga. Mimi nayasikia kwa nyayo. Tutachimba, na siku ya kumi yatapanda. Lakini ukame uliopita tulikunywa pamoja na watu wako, shimo moja, kila mtu na kiu yake. Wewe ulikuwa mtoto. Watu watatu walikanyagwa. Ndama wangu wawili walichomwa mikuki. Sitaki kuona hayo tena. Nataka mitungi arobaini, mmoja kwa kila nyumba. Tutaijaza kwa mikonga yetu, tuiweke njiani, mbali na shimo, na hakuna atakayemsogelea mwenzake. Mitungi ipo?"

Semeni alijua haipo. Kuni zake zilikuwa nguzo. Udongo wake ulikuwa ukuta. Kwa mkono wake mitungi arobaini ilikuwa kazi ya miezi miwili. Maneno yote hayo yalimjaa mdomoni. Lakini alikuwa ameketi juu, na aliyeketi juu huona vigumu kusema hapana.

"Ipo, Bibi."

"Lini?"

"Kesho."

"Mingapi?"

"Utakayo."

Bibi Tembo akapitisha mkonga kwenye ukuta wa baraza. "Udongo wa siku hizi una mbio," akasema. "Mimi kesho siihitaji. Siku ya kumi inanitosha." Akaondoka, na jani halikuvunjika.

"Umeona?" Mbega akapiga makofi. "Sasa sherehe! Mteja mkubwa haachwi apite kimya."

Siku tatu zikaenda kwa ngoma, kila kijiji kijue kwamba Semeni anamfinyangia Tembo. Siku tatu zikaenda kwa kutafuta udongo na kuni mbali, maana vya nyumbani vilikuwa vimesimama vikitazamwa. Siku tatu zilizobaki, Semeni na Mpaji wakafinyanga bila kunyoosha migongo. Mtungi juu ya mtungi. Vidole vikachubuka. Siku ya tisa jua likipinduka, mitungi ilikuwa arobaini, mizuri kwa macho. Semeni akaugonga wa kwanza. Kimya. Akaugonga wa pili. Kimya. Akaugonga wa tatu, na akaondoa mkono haraka, kama aliyegusa uso wa maiti.

"Choma," akasema Mbega. "Hujui wahenga wamesema nini? Udongo uupate ungali maji!"

"Kuufinyanga ungali maji, ndiyo," Mpaji akamrudi. "Kuuchoma ungali maji kakufundisha nani, mama yako? Wifi, sikiliza. Usichome."

"Kesho ni siku ya kumi, wifi."

"Usichome."

"Nilisema ipo."

Akachoma.

Moto ukashika, na kwa kitambo kidogo ukawa mzuri, mtulivu. Kisha: pu! Mtungi mmoja. Pu! Mwingine. Pu! pu! pu! Vigae vikaruka juu, watu wakalala kifudifudi, na ndani ya moto ule ikasikika sauti kama ya shamba zima la mahindi likikaangwa. Jua lilipogusa vilima, yalibaki majivu na vigae, na mitungi miwili mizima. Kwa nini ile miwili? Nani ajuaye. Hata ajali husahau kitu.

Mbega akashuka, akaokota kigae, akakipuliza. "Hili si tatizo. Nta ipo. Majivu yapo. Tunaunganisha, tunapaka ngeu, ule udongo mwekundu, nyufa zisionekane. Mpaka itakapovuja, mzigo umekwisha kukabidhiwa."

"Na watu watakunywa nini?"

"Dada, hilo si la mfinyanzi."

Semeni akavitazama vigae mikononi mwake. Akawaona watu wa nyumba arobaini wamesimama njiani, maji yanachirizika mchangani mbele ya midomo yao, na wanaume wakigeuza shingo kulitazama shimo la tembo. Akaiona mikuki.

"Bwana Mbega," akasema, "panda mti."

"Mimi nilishauri tu. Sikufinyanga!"

"Ndiyo maana nakuambia upande mti."

Alfajiri akajitwika mtungi mmoja, Mpaji akajitwika wa pili, wakashuka mtoni.

Walichokiona huko, babu zetu walikisimulia wakiwa wamesimama kwa heshima. Tembo thelathini walikuwa ndani ya mto mkavu, wamelizunguka shimo, na hakuna aliyetoa sauti. Wakubwa walichota mchanga kwa mkonga, punje kwa punje kwenye kingo, usije ukamomonyoka. Ndama walikuwa wamesimama chini ya matumbo ya mama zao, ndimi zimevimba, hawalii. Na pale chini kabisa, mchanga ukawa mweusi. Kisha ukawa unang'aa. Kisha ukatetemeka, na kitu kikafumbua jicho.

Maji.

Wifi wawili wakajikuta wamepiga magoti bila kuambiana.

"Mitungi yangu," akasema Bibi Tembo, bila kugeuka.

"Sina, Bibi." Sauti ya Semeni ilikuwa ndogo kama ya panzi. "Nilikudanganya. Haikuwapo siku ile, wala haipo leo. Nimechoma mibichi, imepasuka. Ninayo hii miwili. Baada ya siku nane naweza kukupa mitano. Nane nyingine, mitano. Zaidi ya hapo siwezi, na nikisema naweza usiniamini."

Tembo wote wakageuka. Macho sitini. Semeni akangoja kukanyagwa.

"Watu wako wako wapi?" Bibi Tembo akauliza.

"Wako njiani, kule juu. Wanangoja. Wana mikuki."

"Na wewe umekuja bila."

"Nimekuja na nilichonacho."

Upepo ukapita. Ndama mmoja akanyoosha mkonga kuelekea majini, mama yake akamzuia kwa mguu, taratibu.

"Mitungi miwili haiwezi kwenda nyumba arobaini," akasema Bibi Tembo. "Lakini miguu inaweza kurudi. Watu mia sitawaruhusu kwenye shimo hili. Aliyeniambia neno chungu mbele yangu bila mkuki mkononi, huyo na wifi yake nitawaruhusu. Mtachota na kurudi, mtachota na kurudi, mpaka nyumba ya mwisho."

"Na nyinyi, Bibi? Ndama wenu?"

"Leo tutasubiri."

Kisha akainua mkonga, akatoa mngurumo wa chini, ule usiosikika kwa masikio bali kwa mifupa ya kifua. Na tembo thelathini, wenye kiu ya misimu mitatu, maji waliyoyachimba kwa siku kumi yakiwa puani mwao, wakarudi nyuma hatua moja. Wakarudi nyuma hatua ya pili. Wakarudi nyuma hatua ya tatu. Nafasi ikafunguka kati ya miguu ile mikubwa kama vigogo, mchanga umelowa, njia nyembamba, na Semeni akaingia ndani yake, akainama, akachota.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye unyevu. Aliye na chombo kizima na akinge.