Jiwe la Pesa Moja

Hapo zamani, enzi ambazo nyumba ya mtu mmoja ilijengwa na mtaa mzima na kutiwa ila na mtaa mzima, palikuwa na mji uitwao Kivumoni, na aliyeutawala ni Sultani Shomari. Sultani huyu hakuwa mkatili wa kukata watu vichwa. Alikuwa mtu wa sheria, na mji uliopata mtawala wa namna hiyo wajua kwamba yule wa kukata vichwa walau huwa na siku za kupumzika.

Basi Sultani alitambua jambo ambalo sote twalijua, ila yeye alikuwa na uwezo wa kulitungia sheria. Alitambua kwamba hakuna mtu aliyepata kujenga nyumba kwa gharama aliyoitaja hapo mwanzo. Mtu husema nyumba yangu itakula reali ishirini. Ishirini zikaisha naye bado yuko madirishani. Sultani akasema huu ni uongo, na uongo haufai kukaliwa. Akatoa amri: kila atakaye kujenga aje kwanza barazani, aitaje gharama kwa kiapo, na atoe ushuru wa sehemu moja katika kumi. Siku nyumba itakapokwisha, ihesabiwe. Ikizidi hata kwa pesa moja, aliyeapa hana haki tena katika nyumba ile, nayo itakuwa ya yule aliyekuwa akimsikiliza alipoapa. Aliandika hivyo, "ya yule aliyekuwa akimsikiliza," kwa sababu aliona haya kuandika "itakuwa yangu." Na pale barazani msikilizaji alikuwa mmoja tu.

Ikawa watu wajenga na Sultani achukua. Wapo waliojiona werevu wakataja gharama mara mbili. Wakalipa ushuru mara mbili, kisha walipoona wana nafasi wakaongeza ghorofa, wakazidisha vile vile. Haikupita miaka mingi, nusu ya nyumba za mji zilikuwa zake, naye akiwapangisha wale wale waliozijenga na kuwaonya wasimchafulie kuta.

Katika mji huo aliishi mtu jina lake Vuai, na watu wakimwita Vuai Zuzu, maana ukimwuliza neno atakujibu lile uliloliuliza, wala si lile ulilolikusudia. Hakuwa na kitu ila akiba ya reali kumi. Alikuwa na mke, Mize, aliyempenda mno, na wote wawili wakilala jikoni kwa mama yake Mize, Bi Kazija, baina ya mafiga na mtungi. Mwanamume kulala jikoni kwa mkwewe ni fedheha hata kwa zuzu, na Bi Kazija hakuwa mtu wa kumsahaulisha mtu fedheha yake. Kila alfajiri aliingia kuwasha moto akisema, "Hodi, enyi vyungu vyangu." Siku moja akasema neno jingine.

"Mkwe wangu, masika yamekaribia, na jiko hili likivuja halina nafasi ya kuni na wewe. Mvua ya kwanza ikinyesha nawe huna nyumba, mwanangu atarudi chumbani kwangu, na wewe utaniletea talaka yake."

Mize alilia. Kisha akafuta machozi, akavua bangili zake za fedha, zote, akaziweka mbele ya mumewe. "Kauze," akasema. "Lakini ile sheria, Vuai! Tukijenga atatunyang'anya, nami nitakuwa sina bangili, sina nyumba, sina mume."

"Nitakwenda nikaisikilize vizuri," akasema Vuai.

Akaenda barazani, akainama. "Nashika miguu, Bwana wangu. Nataka kujenga nyumba, na kwanza naomba nisomewe sheria."

Waziri Badawi, aliyekuwa mshika kalamu wa Sultani, akaisoma.

"Naomba nisomewe tena."

"Kwani hukusikia?" akauliza Sultani.

"Nimesikia, Bwana. Sasa nataka kusikiliza."

Akasomewa tena, akashukuru, akaapa kwamba nyumba yake itagharimu reali kumi. Reali kumi siku zile zilitosha banda zuri la kuku, pasipo kuku.

"Reali kumi, nyumba nzima?" akauliza Sultani.

"Nyumba nzima, Bwana, siku itakapokwisha."

Sultani akapokea reali yake moja ya ushuru, akamwombea dua ndefu, kama mtu aombeaye mali yake mwenyewe.

Basi Vuai akaanza kujenga. Reali zake zilikwisha kuta zikiwa hazijafika magotini. Bangili zikafuata, kisha akakopa kwa ndugu, kisha kwa ndugu wa ndugu. Majirani wakaja kubeba mawe na kusuka makuti, na Mize akawapikia, na anayedhani kazi ya majirani ni ya bure hajapata kuwapikia majirani. Sultani naye alikuwa akipita juu ya punda wake mweupe, akisimama kutoa shauri. "Dirisha hilo lipanue, Vuai. Napenda upepo." Vuai akalipanua.

Mvua ya kwanza ilipoanguka nyumba ilikuwa imesimama: vyumba viwili na ukumbi, na paa la makuti lisilovuja. Ila juu ya mlango palibaki pengo la jiwe moja, na jiwe lenyewe limewekwa chini, kando ya kizingiti. Bi Kazija akaja akakagua kila pembe akitafuta la kusema, akalipata lile pengo. "Na hapo?"

"Hapo bado, mama."

Wakaja watu wa Sultani wa kuhesabu. "Nyumba imekwisha?" "Bado," akasema Vuai, akawaonyesha pengo. Wakarudi. Baada ya mwezi wakaja tena, pengo lipo. Kufikia hapo mji mzima ulikuwa umeelewa, na kila aliyejenga akaacha mahali jiwe moja, wengine wakaacha mawili kwa tahadhari. Sultani hakupata tena hata kibanda. Akaghadhibika, akatuma Vuai aletwe.

"Vuai, walala wapi?"

"Nyumbani kwangu, Bwana."

"Basi imekwisha!"

"La, Bwana wangu. Mimi naishi, nyumba haijaisha. Aliyekwisha ni mimi, maana nimeishiwa."

Sultani akamgeukia Waziri. Waziri akatazama sheria, akaipindua akatazama na nyuma yake, akasema, "Imeandikwa 'itakapokwisha,' Bwana."

"Vema," akasema Sultani, akiinuka. "Kesho nitakuja mimi mwenyewe, niliweke jiwe hilo kwa mkono wangu, kisha tuhesabu."

"Na gharama ya kuliweka, Bwana?"

"Juu yangu."

"Kiasi gani, Bwana?"

"Jiwe moja! Nalo liko pale pale mlangoni. Chokaa ya kofi moja tu, ya kujaza kiganja. Pesa moja, wala haitazidi, naapa kwa enzi ya baba yangu!" Kisha akamwona Vuai ameinamisha kichwa, hasemi kitu. "Mbona umenyamaza?"

"Nakusikiliza, Bwana wangu," akasema Vuai.

Mize alipoambiwa, alishika kichwa. "Umeniponza, Vuai! Kesho jua likichwa mimi niko chumbani kwa mama, na wewe hata jikoni hutafika."

"Mimi pia naogopa," akasema Vuai. "Lakini na yeye kesho anajenga."

Asubuhi mtaa ulifurika. Sultani akashuka kutoka kwenye punda wake, akakunja mikono ya kanzu, akataka chokaa ya kofi moja. Fundi Ngwali, mwashi wa mji, akasema kwa adabu kwamba tanuri la chokaa haliuzi kwa kofi. Huuza kwa pishi. "Nunua pishi," akasema Sultani, "si kitu hicho." Waziri akaandika. Ikatakiwa ngazi, ikakodiwa ya jirani. Sultani alikuwa mtu aliyeneemeka mwili, na kwenye kipandio cha tatu ngazi ikasalimu amri ikavunjika. Ikalipwa ngazi, ikakodiwa nyingine. Akafika juu, akalisukuma jiwe, likakataa. Lilikuwa limezidi kwa upana wa kidole.

"Lichongwe," akasema Sultani.

Fundi Ngwali akapiga patasi, jiwe likapasuka vipande viwili. Likaagizwa jiwe jingine machimboni, na mchukuzi wake, na punda wa mchukuzi. Lilipofika, fundi akaning'iniza timazi ukutani kupima unyofu wake, akatikisa kichwa kama watikisavyo mafundi wote kabla ya kutaja bei. "Ukuta huu umelala. Alijenga nani hapa?"

"Ni wewe, fundi," akasema Vuai.

Fundi akatazama tena. "Basi ni udongo," akasema.

Ikawa lazima mawe mawili ya ubavuni yalegezwe. Yalipolegezwa ukuta ukatikisika. Ulipotikisika ikabidi boriti ya kuuegemeza. Chokaa ya kwanza ikakauka, ikanunuliwa ya pili. Adhuhuri mafundi wakasema wana njaa. Kila mara Sultani akisema, "Hili ndilo la mwisho, toa," na kila mara Waziri akiandika, kalamu ikipungua mwendo. Alasiri jiwe likakaa. Watu wakapiga vigelegele, na Sultani akashuka, kanzu imejaa chokaa, jasho lamtiririka, uso umeng'aa kwa furaha.

"Sasa imekwisha?"

"Imekwisha, Bwana."

"Uliapa reali kumi. Ulitumia ngapi?"

"Hamsini na kitu, Bwana wangu."

Mize akajifunika uso kwa kanga. Sultani akasema, "Basi nyumba ni yangu."

"Ni yako, Bwana, bila shaka. Ila sheria ni yetu sote, na leo tumejenga wawili. Namwomba Waziri asome na hesabu ya Bwana."

Waziri akakohoa, akatazama mawingu, akasoma. Ilikuwa reali sita na pesa thelathini, bila chakula cha punda.

"Na Bwana aliapa ngapi?"

"Pesa moja," akasema Waziri kwa sauti ndogo.

"Na nani alikuwa akimsikiliza?"

Waziri akamtazama Sultani, Sultani akamtazama Waziri. Hapakuwa na pa kupitia. "Wewe, Vuai," akasema Waziri.

"Basi ilikuwa yangu, nikazidisha, ikawa yako. Ikiwa yako, umezidisha, imekuwa yangu. Sheria ya Bwana ni njema, maana imeirudisha pale pale ilipoikuta."

Sultani alilitazama lile jiwe kwa muda mrefu. Lilikuwa limekaa upande kidogo, naye alilipenda. Kisha akauliza polepole, "Niambie kweli. Ulilichonga lile la kwanza makusudi, likatae?"

"La, Bwana. Sikuligusa. Nilijua tu kwamba ni jiwe la nyumba."

"Na zile reali kumi, kwa nini uliapa hivyo?"

"Ndizo nilizokuwa nazo. Bwana wangu, mtu ajengaye ukimwuliza gharama, hakutajii bei ya nyumba. Hukutajia alicho nacho, na juu yake huweka matumaini. Hao uliowanyang'anya hawakukudanganya. Lau mtu angeambiwa yote tangu siku ya kwanza, mji wako huu ungekuwa pori na wewe ungetawala ngedere."

Sultani akatazama mikono yake iliyochubuka na chokaa, na mara akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa tumbo zima, hata akaegemea ukuta, na Fundi Ngwali akamsihi asiuegemee. "Nami nilitaja pesa moja," akasema, "na hazina yote iko mkononi mwangu!"

Papo hapo akaichukua sheria kwa Waziri, akaichana. Akaamuru kila nyumba irudi kwa aliyeijenga, pamoja na kodi zote alizolipa, na Waziri akapauka, kwa kuwa yeye ndiye atakayezihesabu. Akaamuru tena zitafutwe bangili za Mize kwa aliyezinunua, zikombolewe kwa mali yake Sultani. Akapanda punda wake akaenda zake, akigeuka kila hatua chache kulitazama jiwe lake.

Jioni ile mvua ikanyesha kwa nguvu, na ndani hapakudondoka hata tone. Mize alikaa mkekani, bangili mikononi, akamtazama mumewe kwa mapenzi, kisha akautazama ukuta wa mbele, akautazama sana.

"Vuai," akasema, "hapo nje tukiongeza kibaraza, cha kukaa watu wawili tu, si itakuwa reali moja?"

Vuai akavuta shuka mpaka juu ya masikio, akajifanya amelala.